Haja za Moyo Wako: Jinsi ya Kujifunza Kutaka Anachokitaka Mungu

Kuna mwaka nilifunga siku 21 kwa ajili ya kiwanja. Kilikuwa upande wa Kigamboni, mita 20 kwa 30, na mwembe mmoja pembeni ambao nilishagawa kivuli chake: hapa atakaa mama mkwe, hapa tutaanika nguo. Jumamosi moja nilivuka na pantoni, nikakizunguka mara saba kama ukuta wa Yeriko, mama wa genge la jirani akidhani mimi ni mpima ardhi. Andiko langu lilikuwa Zaburi 37:4, na nililidai kama abiria anayedai chenji kwa kondakta. Siku ya 19 dalali akapiga simu: dada yangu, kimeondoka, mwenzio katoa keshi.

Nilinuna. Kama wiki tano hivi nilikwenda ibadani, nikaimba, nikatoa sadaka, ila mimi na Mungu tulikuwa hatusemeshani. Nilipolirudia lile andiko ndipo nikaona kwamba siku zote nilikuwa nasoma nusu yake. Lote linasema: "Nawe utajifurahisha kwa BWANA, naye atakupa haja za moyo wako." Ile nusu ya kwanza nilikuwa naipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Katika siku zile 21 sikuwa nimezungumza na Mungu neno hata moja lisilohusu kiwanja.

Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafanya baada ya hapo, na ambayo bado nayafanya. Utahitaji daftari, kalamu, Biblia na robo saa kwa siku. Jipe miezi miwili kabla ya kusema imefanya kazi au haijafanya.

Kabla ya yote, neno "tamaa"

Neno hili limechafuka kanisani. Tukilisikia tunafikiria uzinzi na rushwa, na wahenga walishatutisha: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mtu huyohuyo akifika mwisho wa nguvu zake, Kiswahili kinasema amekata tamaa. Yaani tamaa ikikatika, mtu naye amekwisha. Kwa hiyo wanaohubiri kwamba mtu wa Mungu hapaswi kutaka kitu chochote huwa siwaelewi. Asiyetaka kitu hawezi hata kuomba. Tunachokwenda kufanya hapa ni kuielekeza tamaa, si kuikata.

Hatua ya 1: Andika unachokitaka, bila kukipaka utakatifu

Fungua daftari, andika mambo kumi unayoyataka leo. Usiandike yale ambayo ungeyasoma mbele ya wazee wa kanisa. Andika yale yanayokujia saa tisa za usiku usingizi ukikatika. Nataka bosi ahamishwe mkoa. Nataka mume wangu aache kunilinganisha na wifi yangu. Nataka binti yangu afaulu kuliko mtoto wa jirani. Ukiona mstari wako wa kwanza ni "nataka kukua kiroho", rudia tena. Kuna mtu unajaribu kumpendeza, na Mungu simdhanii.

Mwalimu wangu wa hatua hii ni Hana wa 1 Samweli 1, ambaye kwetu sisi Waswahili jina lake limebeba msiba wake: Hana hana mtoto. Mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka hata mwaka. Mumewe Elkana akamfariji kwa maneno ambayo wanaume huyaona ya busara, kwamba je, mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Hatuambiwi kama Hana alimjibu. Tunachoambiwa ni kwamba alikwenda mbele za BWANA kule Shilo akalia kwa uchungu, midomo ikicheza na sauti haitoki, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa.

Tazama kilichotokea ndani ya maombi yale. Ningekuwa mimi, ningeingia nikitaka mtoto wa kumfunga Penina mdomo. Hana alitoka akiwa ameahidi kwamba mtoto huyo atakuwa wa BWANA siku zote za maisha yake. Sasa soma sura ya 2 na ya 3 uone hali ya Shilo wakati ule: wana wa Eli wananyang'anya nyama za sadaka kwa nguvu, na neno la BWANA limekuwa adimu. Mungu anatafuta nabii, Hana anatafuta mtoto, wakakutana kwa Samweli. Haja ya Hana haikufutwa. Ilitanuka mpaka haja ya Mungu ikaenea ndani yake. Na kuna jambo dogo ambalo watu wengi hulipita: Hana alikula chakula na huzuni ikamtoka usoni kabla hajapata mimba, kabla hata hajarudi nyumbani.

Hilo lisingewezekana kama angejifanya hana shida. Mungu hupinda kile ulichokiweka mezani. Ulichokificha mfukoni kinabaki jinsi kilivyo.

Hatua ya 2: Uliza "ili iwe nini?" mpaka ugote chini

Chukua kila haja uichimbe. Usikae kwenye jibu la kwanza. Hii ni nakala ya ukurasa wangu mwenyewe, sikuiremba:

Nataka kiwanja. Ili iwe nini?
Nijenge. Ili iwe nini?
Nitoke kwenye nyumba ya kupanga. Ili iwe nini?
Mwenye nyumba asinigongee mlango wa kodi mbele ya watoto. Ili iwe nini?
Watoto wasinione sina thamani.

Hapo kalamu ilisimama. Nilikuwa naombea ardhi, kumbe nilichokitaka ni heshima machoni pa watoto wangu. Na watoto wenyewe, nilipowachunguza, hawakuwa na habari na mambo ya kodi. Walichokilalamikia ni kwamba nikirudi kazini nakuwa mkali.

Ukichimba haja kumi, utashangaa jinsi zinavyogota kwenye mambo yaleyale machache: kupendwa, kuheshimiwa, usalama, kupumzika, wakati mwingine kisasi. Kisasi kinajificha sana chini ya "nataka kufanikiwa". Ukikikuta, usishtuke wala usikifunike. Kiandike.

Baada ya hapo badilisha maombi yako. Omba kile cha chini, na cha juu kiache mikononi mwa Mungu. Badala ya "nipe kiwanja kile chenye mwembe", sema, "Bwana, naogopa kudharauliwa, na watoto wangu nawapenda, nifanye nini?" Utaona mazungumzo yanavyobadilika. Kwa sala ya kwanza jibu ni ndiyo au hapana tu. Kwa hii ya pili Mungu ana nafasi ya kukuambia kitu.

Hatua ya 3: Ita mashahidi wawili

Moyo una maneno mengi ya kujitetea. Simu yako haina. Fungua ujumbe wa miamala ya siku 30 zilizopita, jumlisha pesa zimekwenda wapi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu uangalie saa zako zimeliwa na programu ipi. Yesu alisema hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako (Mathayo 6:21), kwa hiyo hapo unasoma ramani ya moyo. Sitakuambia yangu ilisema nini, ila bando la mwezi lilikuwa limeipita sadaka mbali sana.

Usijihukumu hapo. Andika matokeo chini ya orodha yako na uendelee.

Hatua ya 4: Sasa sikiliza Yeye anataka nini

Watu wengi wakisema "natafuta mapenzi ya Mungu" wanamaanisha nimwoe nani, nihamie wapi, kazi hii niichukue au niiache. Ni maswali halali. Lakini sehemu kubwa ya anachokitaka Mungu haikufichwa. Mika 6:8 imekiweka wazi: kutenda haki, kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike kwamba kushukuru kwa kila jambo ndiyo mapenzi ya Mungu. Mtu anayemdhulumu msichana wake wa kazi mshahara, kisha anakesha kanisani akitafuta mapenzi ya Mungu kuhusu safari ya Dubai, amelipita jibu mlangoni.

Fanya hivi. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16 tu. Soma sura moja kwa siku ukiwa na swali moja: hapa Yesu anataka nini? Nini kinamsikitisha, nini kinamkasirisha, anamkimbilia nani? Sura ya 1, mwenye ukoma anamjia. Yesu anamhurumia na anamgusa, mtu ambaye hakuna aliyemgusa. Sura ya 3, anawatazama watu pande zote kwa hasira, akiona huzuni kwa ugumu wa mioyo yao, maana wanamvizia kama atamponya mtu siku ya sabato. Sura ya 6, anaona mkutano mkubwa ni kama kondoo wasio na mchungaji, wakati yeye na wanafunzi wake hawajapata hata nafasi ya kula. Sura ya 10, anachukizwa kwa sababu watoto wanazuiwa wasimfikie.

Ziandike hizo upande wa kulia wa daftari, mkabala na zako kumi. Ukimaliza siku 16 soma kurasa zote mbili kwa pamoja. Mimi nilikuta jambo moja tu limeangukia pande zote mbili, nalo lilikuwa watoto. Nikaanzia hapohapo. Usijaribu kuvuta mambo yote kumi siku moja. Shika lile ambalo wewe na Mungu tayari mnalitaka wote, hata likiwa dogo, ulifanye wiki nzima. Kwangu ilikuwa kusimama mlangoni dakika mbili nikitoka kazini, kumkabidhi Mungu siku yangu, ndipo niingie ndani.

Hatua ya 5: Omba kwa mpangilio aliotufundisha

Darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, mwinjilisti akitusikiliza mmoja mmoja. Wakati ule ilikuwa kasuku tu. Maelezo yake ya "Mapenzi yako yatimizwe" yanasema, kwa ufupi, kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa hata tusipoomba, ila tunaomba yatimizwe kwetu pia. Hilo "kwetu pia" lilinichukua miaka ishirini kulielewa.

Angalia mpangilio wa Sala ya Bwana: jina lako, ufalme wako, mapenzi yako, ndipo mkate wetu. Mkate haukukatazwa, umewekwa zamu ya nne. Jaribu kuisali polepole, kila sentensi uiwekee tukio la leo. "Ufalme wako uje" ofisini kwangu ungeonekanaje? Faili la yule mzee anayezungushwa tangu mwezi jana lingekuwa limeshasainiwa.

Je, kama hutaki? Kuna mambo Mungu anayataka ambayo moyo wako unayakataa kabisa, kama kumsamehe aliyekudhulumu urithi. Hapo usidanganye. Baba wa yule kijana mwenye pepo alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Iazime sala hiyo: nataka, nisaidie kutokutaka kwangu. Na kama hata hilo ni kubwa, sema, natamani kutamani. Wafilipi 2:13 inasema Mungu ndiye anayefanya kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Hata kule kutaka ni kazi yake. Wewe fungua mlango tu.

Hatua ya 6: Mwili utangulie, moyo utafuata

Usisubiri kujisikia. Unayemwonea wivu, mwombee baraka kwa jina lake siku 14 mfululizo, na umbariki kwa kitu mahususi: biashara yake, ndoa yake, watoto wake. Siku tatu za kwanza utakuwa unasaga meno. Endelea.

Kufunga nako kuna mahali pake, ila kwa njia tofauti na ile yangu ya siku 21. Mimi niligoma kula ili Mungu abadilike. Kufunga kwenyewe ni kuuonyesha mwili kwamba unaweza kutaka kitu na usikipate, na jua likachwa salama. Anza na mlo mmoja kwa wiki, au funga kitu kingine: simu kuanzia saa mbili usiku, au kununua nguo kwa mwezi mmoja. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au mwenye vidonda vya tumbo amuulize daktari kwanza. Mungu hapewi sifa na mtu aliyezimia.

Hatua ya 7: Kabla ya kulala, onja kilichobaki

Kama ukichukua hatua moja tu katika hizi zote, chukua hii.

Mwaka 1521 kombora la mzinga lilimvunja mguu askari mmoja wa Kibaski kwenye vita vya Pamplona, Hispania. Jina lake Ignasi, wa ukoo wa Loyola. Akiwa kitandani kwa miezi, aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikuwapo. Akaletewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Basi akawa anaota mchana ndoto za aina mbili. Siku nyingine alijiona akifanya ushujaa ili apendwe na bibi mmoja wa cheo kikubwa. Siku nyingine alijiona akiishi kama Fransisko na Dominiko. Zote zilikuwa tamu wakati anaziota. Tofauti aliiona baadaye: zile za kwanza zilimwacha mkavu, hana raha, hizi za pili zilimwacha na furaha iliyokaa. Kutoka hapo alijenga zoezi la kuichunguza siku, ambalo Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki wa shirika aliloanzisha, wanalifanya mpaka leo. Mimi ni Mlutheri, lakini dawa ikiniponya siulizi imenunuliwa duka gani.

Zima taa, kaa dakika kumi. Shukuru kwa jambo moja la leo lenye sura na jina, si "asante kwa yote". Kisha ipitishe siku tangu asubuhi, na kila ulichokitaka na kukifuata ukiulize: ulipokwisha uliniacha na ladha gani? Omba msamaha panapohusika, mwombe Mungu jambo moja kwa ajili ya kesho, lala. Andika mistari miwili tu. Wangu mmoja ni huu:

Jumanne. Tamu wakati ule: kumsengenya jirani pale bombani. Baadaye: kama nimekula ndimu tupu. Kazi wakati ule: kumpeleka mama mkwe kliniki, foleni saa nne nzima, akilalamika njia nzima. Baadaye: nilimkumbuka akinishika mkono kuvuka barabara, nikacheka mwenyewe, nikalala.

Ukiwa na kurasa thelathini za namna hii, hakuna mhubiri atakayekuambia kuhusu moyo wako jambo usilolijua. Utaona kuna vitu unavikimbilia kila siku na kila siku vinakuacha na njaa. Hivyo havihitaji kukemewa kwa sauti kubwa. Ukishaijua ladha yake ya mwisho, mkono wenyewe unaanza kusita.

Hatua ya 8: Mwambie mtu mmoja

Mmoja, si kundi la WhatsApp. Mtu mzima kiimani, asiye na faida yoyote katika uamuzi wako, na anayeweza kukuambia "hapo unajidanganya, mwanangu" bila kutafuna maneno. Mtu anayekwambia kila unachokitaka ni maono kutoka kwa Bwana, mkwepe.

Na Mungu akikataa?

Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, na Mathayo anasema aliomba mara tatu. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utolewe. Kwa hiyo kuomba tena si ukosefu wa imani, na kusema "mapenzi yako yatimizwe" haraka-haraka, kabla hujasema unachokitaka, si unyenyekevu. Yesu alisema kwanza alichokitaka. Ndipo akasema si mapenzi yangu, bali yako.

Ila nitasema jambo, maana nimesikia wanawake wakiambiwa hivi. Kupigwa na mume si kikombe ulichopewa na Mungu. Mtoto anayeharibiwa na ndugu wa nyumbani si mapenzi ya Mungu ya kunyamaziwa. Anayetaka kutoka kwenye hatari ameshaanza kutaka anachokitaka Mungu, na hatua yake ya kwanza ni dawati la jinsia la polisi au kwa mtu atakayemficha, daftari litasubiri.

Kwangu mimi, bado napanga. Mwenye nyumba amepandisha kodi Januari hii. Kiwanja bado kimo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, sikukifuta kwa sababu bado nakitaka, na Mungu anajua. Pembeni yake, mkabala, nimeandika majina ya watoto wangu wawili, na chini yake jina la mama wa lile genge la Kigamboni. Nikipita kule huwa namnunulia nyanya. Siku moja aliniuliza kama nilishamaliza kupima.